Safu ya nne: wananchi wanatoa maoni, nani anawajibu?

#1 karani_wa_kikao (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuandika mihtasari ya vikao vya wananchi. Si mwenyekiti, si mtaalamu, si mgeni rasmi. Mimi ni yule anayekaa pembeni na daftari, ambaye mtu akimaliza kusema anamgeukia na kuuliza, "Umeandika?" Naandika. Fomu ninayopewa ina safu nne: jina la mchangiaji, hoja yake, jibu lililotolewa, hatua iliyochukuliwa. Tatu za kwanza hujaa mpaka nageuza karatasi. Ya nne, katika mihtasari yote niliyopata kuandika, mistari iliyojazwa naweza kuihesabu kwa vidole.

Nimeleta uzi huu kwa sababu kila tukizungumzia ushirikishwaji, mjadala unaishia mlangoni. Walikuja wangapi, vijana walialikwa au hawakualikwa, tangazo lilitoka siku ngapi kabla. Ni mambo ya maana, sibishi. Ila nimefika mahali naamini kwamba ushirikishwaji haufii mkutanoni. Unafia wiki mbili baadaye, ofisini, kimya kimya, pale ambapo hakuna anayelazimika kumjibu yeyote.

Tazameni Aisilandi. Mabenki yao yaliporomoka mwaka 2008, watu wakaitaka nchi ijitazame upya. Mwaka 2010 watu wapatao 950, wengi wao wamepatikana kwa bahati nasibu, walikaa siku nzima wakijadili misingi ya katiba wanayoitaka. Mwaka uliofuata wajumbe 25 wakaandika rasimu, wakawa wanaiweka mtandaoni kipande kwa kipande na kupokea maoni ya yeyote. Oktoba 2012 ikapigwa kura, na takriban theluthi mbili ya waliopiga wakasema rasimu hiyo iwe msingi wa katiba mpya. Ukisoma mpaka hapo unapiga makofi. Bunge halikuipitisha mpaka leo. Kura ile ilikuwa ya ushauri.

Ufaransa nao. Wananchi 150 waliopatikana kwa bahati nasibu walikaa kuanzia Oktoba 2019 hadi Juni 2020 kuhusu tabianchi, wakatoka na mapendekezo 149. Rais Emmanuel Macron alikuwa ameahidi kwamba yatapelekwa mbele bila kuchujwa. Siku ya kuyapokea akaweka kando matatu, na mengi katika yaliyobaki yakafika bungeni yamenyolewa. Wajumbe walipokutana mara ya mwisho, mapema mwaka 2021, waliipa serikali alama kwa jinsi ilivyoyatendea mapendekezo yao. Wastani ukawa chini ya 4 kati ya 10. Hawa ni watu walioacha nyumba zao wikiendi baada ya wikiendi.

Sasa linganisheni na Ayalandi. Mwaka 2016 waliunda baraza la wananchi 99 wa kawaida na mwenyekiti mmoja, Jaji Mary Laffoy. Suala gumu kuliko yote waliyopewa ni marufuku ya utoaji mimba iliyokuwa ndani ya katiba, jambo ambalo wanasiasa walikuwa wanalikwepa kwa miongo. Watu hawa walisikiliza madaktari, wanasheria, watu wa pande zote mbili, wakapiga kura wao kwa wao mwaka 2017, na Mei 2018 nchi nzima ikapiga kura ya maoni: 66.4% wakataka marufuku iondolewe. Wengi husimulia habari hii kana kwamba siri yake ni ubora wa mazungumzo. Mazungumzo yalikuwa mazuri, ndiyo. Ya Ufaransa pia. Kitu kinachonivutia mimi, kwa macho ya karani, ni azimio la bunge lililounda baraza lile. Liliandikwa kabla mjumbe yeyote hajakaa kitini, na lilisema ripoti itakwenda bungeni, na serikali itatoa jibu kwa kila pendekezo, na ikikubali pendekezo la kubadili katiba itaje na muda wa kupiga kura. Yaani safu ya nne ilichorwa kabla ya safu ya kwanza.

Mfano wangu wa mwisho ndio ninaoupenda zaidi, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

Porto Alegre, kusini mwa Brazili, mwaka 1989. Chama kipya kimeshinda jiji na kikaahidi kwamba wakazi ndio watakaoamua fedha za maendeleo ziende wapi. Kumbe hazina tupu, mishahara inakula karibu mapato yote. Miaka miwili ya mwanzo wakaitisha mikutano, watu wakasema wanataka nini, kisha hakikufanyika kitu cha maana. Mahudhurio yakawa hafifu. Hapo ndipo wengine wangesema "wananchi hawana mwamko." Jiji likarekebisha kodi zake, pesa ikapatikana, mitaro ikaanza kuchimbwa pale watu waliposema ichimbwe, na mikutano ikaanza kujaa. Watu wale wale! Mwamko waliupata wapi?

Utaratibu wenyewe haukuwa wa maneno matamu. Jiji liligawanywa kanda 16. Kila kanda ilipanga vipaumbele vyake na kuchagua wawakilishi, na idadi ya wawakilishi ilitegemea wangapi wamehudhuria, kwa hiyo ukileta majirani zako unaongeza sauti. Fedha ziligawanywa kwa hesabu ya wazi: kanda ina watu wangapi, inapungukiwa huduma kiasi gani, na yenyewe imetanguliza nini. Kisha kila mwaka jiji lilichapa kijitabu chenye orodha ya miradi yote iliyokubaliwa, mtaa kwa mtaa. Mtu alikuwa anatembea na kijitabu mfukoni. Mwaka 1988 kaya zenye maji na mfumo wa majitaka zilikuwa 75%, kufikia 1997 zikawa 98%.

Kijitabu kile ndicho safu ya nne. Naomba tujadili.

#2 haamini_tu

Mkuu, andiko zuri, nimelisoma lote, jambo ambalo silifanyi mara nyingi humu. Ila umeruka mambo.

Kwanza, Porto Alegre hiyo hiyo utaratibu ulilegea kadiri uongozi ulivyobadilika, na mwaka 2017 ukasimamishwa. Hilo hukulisema. Kitu kinachoishi kwa hisani ya aliye madarakani kinakufa akiondoka.

Pili, wanaokuja mikutanoni ni wale wale. Kuna mzee asiyekosa, kuna anayetafuta kugombea, kuna mwenye kesi yake binafsi ya mpaka wa kiwanja, na wawili waliokosa pa kwenda. Hao ndio "wananchi"? Mwenye kazi yuko kazini. Mwenye mtoto mchanga yuko na mtoto.

Tatu, na hili litaniletea maadui: kuna mambo si ya kura. Daraja libebe tani ngapi, hilo la mhandisi. Siku tutakapojadiliana kuhusu unene wa nondo, mimi sipiti juu ya hilo daraja.

#3 mpita_njia

"Umeandika?" Nimecheka kwa uchungu. Mimi nilishawahi kuuliza hivyo, akaniambia ndiyo. Nikachungulia, alikuwa amechora ua.

#4 karani_wa_kikao (mleta mada)

@mpita_njia hakuwa mimi, naapa.

@haamini_tu la kwanza nakubali, na ni kweli nililiruka. Nililiruka kwa sababu linaniuma.

La pili lina dawa inayojulikana tangu zamani. Waathene wa kale hawakungoja wanaopenda vikao wajitokeze. Baraza lao la watu 500 walilijaza kwa kura ya bahati nasibu, na walikuwa na jiwe lenye matundu ya kuingizia vibao vya majina ili asiwepo wa kuchezea uteuzi. (Wanawake, watumwa na wageni hawakuwamo, tusiwapambe kupita kiasi.) Siku hizi bahati nasibu inafanywa kwa uwiano: jinsia, umri, eneo. British Columbia, Kanada, mwaka 2004 walichukua mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kutoka kila jimbo la uchaguzi kati ya 79, wakaongeza wawili wa jamii za wenyeji asilia, wakawa 160, mbali na mwenyekiti. Kazi yao: kupendekeza mfumo wa uchaguzi. Somo kavu kama mfupa, lakini walikaa nalo karibu mwaka mzima na karibu hakuna aliyeacha. Mtu akiitwa kwa jina, akalipiwa nauli na muda wake, anakuja. Anayebandikiwa tangazo ukutani ana haki ya kulipita.

La tatu: hakuna anayetaka kupigia kura nondo. Daraja lijengwe wapi, na likijengwa pale nani anahama, hilo si la mhandisi peke yake. Yeye anajua chuma. Anayejua kwamba watoto wanavuka mto pale chini kila asubuhi ni mama yao.

#5 safu_ya_nyuma

Naingilia hapo kwa "mama yao."

Kaka zangu mnajadili nani anafika mkutanoni. Mimi nafika. Nimefika miaka. Shida yangu ni baada ya kukaa. Mwenyekiti anasema "maoni," mikono inanyooka, anachagua anaowajua. Wa kwanza anaongea dakika kumi. Wa pili anamshukuru wa kwanza. Ikifika zamu yetu muda umekwisha, tunaambiwa tuandike kwenye karatasi. Halafu muhtasari unasema "wanawake walihudhuria 41." Tulihudhuria, naam. Kuhudhuria si kuzungumza.

Nilichokiona kikifanya kazi ni kidogo tu na hakihitaji fedha: meza za watu saba au wanane, kila meza na mwongozaji ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila mtu amesema mara moja kabla yeyote hajasema mara mbili. Basi. Siku ya kwanza tulipofanya hivyo, dada mmoja aliyekuwa hajawahi kufungua mdomo ndiye aliyetaja chanzo cha tatizo tulilokuwa tunalizunguka mwaka mzima. Alikuwa analijua siku zote. Hakuna aliyemuuliza.

Na kuna ushahidi kwamba anayekaa mezani anabadilisha kinachoamuliwa. India walibadili katiba yao mwaka 1992 kuzipa nguvu halmashauri za vijiji, na theluthi moja ya viti na ya uenyekiti ikatengwa kwa wanawake. Vijiji vya kuongozwa na mwanamke vilichaguliwa kwa zamu, kwa hiyo watafiti waliweza kulinganisha vizuri. Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo walichapisha matokeo mwaka 2004: penye mwenyekiti mwanamke, fedha ziliwekwa zaidi kwenye mambo ambayo wanawake wenyewe ndio walikuwa wakiyalalamikia, maji ya kunywa yakiwa mbele. Hakuna maajabu. Anayebeba ndoo anajua uzito wake.

#6 haamini_tu

Dada nimekusikia. La meza nitaliiba.

#7 kifungu_kwa_kifungu

Niongeze upande wa sheria, maana #2 amesema neno zito: kitu kinachoishi kwa hisani.

Afrika Kusini, katiba inalitaka bunge liwezeshe umma kushiriki katika kutunga sheria. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba iliamua katika shauri la Doctors for Life kwamba sharti hilo si pambo. Baraza la pili la bunge lilikuwa limepitisha sheria kadhaa za afya bila kusikiliza umma inavyotakiwa, na mahakama ikatangaza mbili kati ya hizo kuwa batili, huku ikiwapa miezi 18 wazirudie kwa utaratibu sahihi. Sheria ikatenguka si kwa sababu ya maudhui yake, bali kwa jinsi ilivyopatikana. Hiyo ndiyo tofauti ya haki na hisani.

Sasa ubaya wake, na hapa nasema kama mtu niliyeona mafaili: mahakama ikishadai ushahidi wa kushirikisha, ofisi zinaanza kutengeneza ushahidi. Orodha ya mahudhurio yenye saini, picha tatu, tangazo la gazeti lililokatwa na kubandikwa. Faili linanona. Siku moja nilikuta orodha ambamo saini kumi na mbili zilikuwa za mkono mmoja, hata wino haukubadilishwa. Kwa hiyo ninaungana na mleta mada kwa sehemu: sheria idai majibu, si mahudhurio. Orodha ya waliokuja ni rahisi kughushi. Jibu la maandishi lenye sababu, hoja moja moja, ni gumu kughushi kwa sababu aliyetoa hoja yupo na atalisoma.

#8 mpekuzi

Nyote mnazungumza kana kwamba mwananchi anakuja na "maoni" tu. Maoni ni rahisi kuyapuuza. Mimi naomba niwapeleke Rajasthan, jimbo la India.

Mwaka 1990 wakulima na vibarua wa huko, pamoja na Aruna Roy aliyekuwa ameacha kazi ya juu serikalini, walianzisha umoja unaoitwa MKSS. Kero yao ilikuwa ujira. Watu walifanya kazi za umma wakati wa ukame, wakalipwa pungufu ya kima kilichowekwa, wakilalamika wanaambiwa vitabuni inaonekana hukufanya kazi. Vitabuni. Basi wakaamua kuvitafuta hivyo vitabu.

Kuanzia Desemba 1994 walikuwa wanaitisha kikao cha hadhara, kwa Kihindi *jan sunwai*. Walipata nakala za orodha za malipo na stakabadhi, wakaketi uwanjani, mtu akashika karatasi na kuisoma kwa sauti: fulani, siku kadhaa, malipo kadhaa. Na fulani mwenyewe yupo pale anasikia. "Mimi? Sijawahi kugusa jembe la kazi ile." Jina linalofuata, kimya, kisha mtu anasema huyo alishafariki. Jengo limelipiwa likakamilika, kila mtu anageuza shingo kutazama mahali lilipopaswa kuwa, hakuna kitu. Hakukuwa na hotuba. Hesabu zilisomwa mbele ya watu waliozijua.

Mwaka 1996 waliketi barabarani katika mji wa Beawar siku 40 wakidai haki ya kuona hesabu. Wito wao ulikuwa "pesa zetu, hesabu zetu." Jambo likakua, majimbo yakaanza kutunga sheria, na mwaka 2005 India ikawa na sheria ya taifa ya haki ya kupata taarifa. Mwaka huo huo sheria ya ajira za vijijini ikaweka kwamba mkutano mkuu wa kijiji ndio utakaokagua hesabu za miradi hiyo.

Ona tofauti. Aliyekwenda na maoni aliambiwa "tumeyapokea." Aliyekwenda na karatasi alijibiwa hapo hapo, kwa sababu karatasi ilikuwa ya ofisi yenyewe. Karani, safu yako ya nne haijazwi kwa sababu mnaoandika mihtasari mnaandika matakwa. Andikeni takwimu za ofisi, muone.

#9 karani_wa_kikao (mleta mada)

@mpekuzi nimelisoma hili mara mbili. Sina cha kujibu zaidi ya kwamba umenipa kazi.

#10 kodi_na_kodi (za kompyuta, si za TRA wala KRA)

Kidogo kuhusu mtandao, kwa sababu mtu atasema tu "si tuweke jukwaa mtandaoni." Tunajua majukwaa yanavyokwenda: anayetukana vizuri ndiye anayesomwa.

Taiwan, kuanzia 2014 na 2015, watu wa teknolojia waliojitolea wakishirikiana na serikali walitumia programu iitwayo Polis. Unaandika sentensi moja ya maoni. Wengine wanabofya nakubali, sikubali, au napita. Hakuna kitufe cha kujibu. Ndiyo siri yenyewe! Huwezi kumrukia mtu. Programu inachora ramani ya makundi, kisha inaonyesha sentensi ambazo makundi yote yamezikubali. Walipojadili Uber mwaka 2015, madereva wa teksi na wateja wa Uber walikuwa mbali kabisa, lakini ilionekana wote wanataka abiria awe na bima na gari lisajiliwe. Kanuni zilizofuata zilichukua mambo hayo.

Nimalize na ukweli: utaratibu ule haukuilazimisha serikali, na mada nyingine zilijadiliwa vizuri tu zikaishia kabatini. Kwa hiyo karani bado anashinda.

#11 haamini_tu

Nimerudi. Ninaona kila mtu anakubaliana na kila mtu, hali ambayo inanitia wasiwasi.

Mwaka 2009 Martina Björkman na Jakob Svensson walichapisha utafiti wa Uganda. Jamii 50 zilihusika. Nusu yao wananchi walipewa taarifa za utendaji wa zahanati yao, wakakaa na watumishi, wakakubaliana nani atafanya nini. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vikaonekana kupungua kwa 33%. Dunia nzima ikashangilia. Baadaye watafiti wengine, Pia Raffler, Daniel Posner na Doug Parkerson, wakarudia jambo karibu lile lile, Uganda hiyo hiyo, kwa vituo vingi zaidi. Huduma iliboreka kidogo, lakini vifo havikupungua. Mikutano ile ile, mikataba ile ile. Kwa hiyo tusiuze ushirikishwaji kama dawa ya kila ugonjwa. Zahanati isiyo na dawa haipati dawa kwa sababu watu wamezungumza.

Na Ayalandi yenu, Machi 2024 walipiga kura mbili za kubadili katiba, kuhusu familia na kuhusu malezi, zilizotokana na baraza jingine la wananchi. Zote mbili zikakataliwa, ya malezi kwa karibu 74%. Haya.

#12 safu_ya_nyuma

Hiyo ya Ayalandi nitakujibu mimi. Baraza lilipendekeza dola iwe na wajibu wa kweli kusaidia wanaolea na kuhudumia wagonjwa nyumbani. Serikali ikaandika maneno mengine, kwamba dola "itajitahidi." Watu wenye ulemavu na walezi wenyewe walikuwa miongoni mwa waliopinga. Kilichopigiwa kura si kile wananchi walichokiandika. Ukinipikia uji nilipoomba ugali, usiseme nimekataa chakula.

#13 kifungu_kwa_kifungu

Hapo dada amepiga msumari. Ndiyo maana ninawapenda wale wa Ubelgiji mashariki, jamii ndogo ya wanaozungumza Kijerumani. Mwaka 2019 waliunda kwa sheria baraza la kudumu la wananchi 24 waliopatikana kwa bahati nasibu. Baraza hilo halijadili mada lenyewe. Linachagua mada, linaitisha jopo jingine la wananchi kuijadili, halafu, hapa ndipo penyewe, linafuatilia bungeni pendekezo limefikia wapi. Bunge likikataa linatoa sababu. Kuna katibu anayelipwa kwa kazi hiyo. Kufuatilia kumekuwa kazi ya mtu, si wito wa wenye moyo.

@haamini_tu huo utafiti wa pili wa Uganda ni muhimu na wengi hawautaji. Ila unasema tu kwamba mkutano peke yake hauna mkono. Ndilo analolia karani.

#14 haamini_tu

Mnanibana. Naomba kupumzika.

#15 mjumbe_mpya

Habari zenu wakubwa. Nimesoma uzi wote usiku huu. Nimechaguliwa kwenye kamati ya eneo letu, sina uzoefu wowote. Jumamosi kuna mkutano wa kutoa maoni kuhusu mradi ambao, kwa siri tu, nasikia mkandarasi ameshapatikana. Nitafaulu vipi kusema jambo bila kuonekana mkorofi siku yangu ya kwanza?

#16 mpekuzi

Omba mchoro na makadirio kabla ya Jumamosi. Kwa barua. Ukinyimwa, una barua. Ukipewa, usipeleke maoni, peleka ukurasa na namba ya mstari.

#17 safu_ya_nyuma

Nenda na wenzako watatu, mkae sehemu tofauti, si pamoja. Mkikaa pamoja mnaitwa kikundi.

#18 karani_wa_kikao (mleta mada)

Kama mkandarasi ameshapatikana, usiwashambulie kwa hilo, watajitetea mpaka jua lizame. Uliza: "Katika mradi huu, ni mambo gani bado yanaweza kubadilika kutokana na tutakayosema leo?" Swali la heshima kabisa. Kama jibu ni "hakuna," watu wote wamesikia. Kama yapo, mnajadili hayo tu na hampotezi muda.

Kisha la mwisho, kabla hakijafungwa kikao: "Majibu tutayapata tarehe gani, na yatasainiwa na nani?" Halafu mwangalie karani wenu mpaka aandike.

#19 mjumbe_mpya

Asanteni sana. Nitawapa mrejesho.

#20 mpita_njia

Tunasubiri hapa hapa.

#21 mjumbe_mpya

Nimerudi, Jumamosi imepita.

Barua haikujibiwa. Nakala yake ninayo. Swali la kwanza niliuliza, sauti ikitetemeka. Ofisa akasema kila kitu kinaweza kubadilika. Mama mmoja upande wa pili (wa kwetu, tulikaa mbalimbali) akamuuliza: hata eneo? Akasema eneo hapana. Hata upana? Upana hapana. Akafika kwenye mahali pa kuvukia watu na mifereji ya pembeni, hapo akakubali bado hapajafungwa. Tukajadili hayo mawili saa nzima, na nadhani ni mara ya kwanza nimeona watu wanajadili bila kuzunguka.

Mwishoni nikauliza la tarehe. Mwenyekiti akacheka, akasema mtajulishwa. Mzee mmoja, simjui, hakuwa wetu, akasema kutoka nyuma: "Lini?" Mwenyekiti akanong'onezana na ofisa. Wakasema tarehe 14. Karani akainua kichwa akauliza, "Niandike?" Ofisa akakaa kimya kidogo, kisha akasema andika.

Nilikwenda kuangalia kabla ya kuondoka. Safu ya nne: "Majibu kwa maandishi, tar. 14, ofisa mipango." Mstari mmoja. Mingine yote tupu.

#22 karani_wa_kikao (mleta mada)

Tarehe 14 nitakuwa hapa.

#23 haamini_tu

Na mimi nitakuwepo. Kucheka au kupongeza, tutaona siku hiyo.